Shokapu za MGB Zinataka Oili Gani?

Ondoa gurudumu la mbele la MGB, uiname uchungulie uvunguni. Juu ya springi utakuta bonge la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye boriti ya mbele, lenye mikono miwili iliyonyooka kuelekea gurudumu. Hiyo ndiyo shokapu yake. Haifanani na lile bomba refu tulilolizoea kwenye magari ya leo, na juu yake ina kizibo kidogo cha kufunguliwa kwa spana. Kizibo hicho ndicho chanzo cha mjadala ambao wenye magari ya michezo ya zamani hawajaumaliza hadi leo. Shokapu ya kisasa ikichoka hutupwa, ikafungwa nyingine. Hii ya MGB, iliyotengenezwa na kampuni ya Armstrong, inamruhusu mwenye gari kuifungua na kuiongeza oili, na penye ruhusa hiyo kila mtu humimina anachokijua: oili ya jeki, oili ya injini, oili ya gia, ATF ya gia za otomatiki, oili ya foki za pikipiki. Wapo hata waliotia mafuta ya breki.

Swali haliihusu MGB peke yake. MGA iliyoitangulia, MG Midget, Austin-Healey Sprite na Austin-Healey 3000 zote zilifungwa shokapu za mkono kama hizi mbele na nyuma. Triumph TR6 ilizitumia nyuma. Morris Minor nayo, ambayo si gari la michezo ila wazee wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaikumbuka vizuri, ilisimama juu ya shokapu za ukoo huohuo. Nimeichagua MGB kwa sababu ndiyo iliyobaki kwa wingi: kati ya 1962 na 1980 kiwanda cha Abingdon, Uingereza, kilitoa zaidi ya 500,000, na mpaka ya mwisho kabisa ilitoka ikiwa na shokapu za mkono pembe zote nne.

Kabla ya kujibu oili gani, lazima tukubaliane oili inafanya nini mle ndani. Mkono umekazwa kwenye mhimili unaopita katikati ya bonge lile. Gurudumu likipanda, mkono unapanda, mhimili unazunguka kidogo na kusukuma pistoni mbili zinazopishana: moja ikishuka, nyingine inapanda. Oili iliyo chini ya pistoni inayoshuka haina pakubwa pa kukimbilia isipokuwa kwenye valvu. Valvu ina springi zake. Sehemu moja hudhibiti gurudumu linapopanda, nyingine linaposhuka. Nguvu inayotumika kuisukuma oili ipenye kwenye tundu dogo hugeuka kuwa joto, na gari linalopita kwenye tuta huyumba mara moja likatulia, badala ya kuendelea kudunda.

Sasa, oili hiyo ina njia mbili za kupita, na kutozitofautisha ndiko kunakowapoteza watu. Mkono ukienda polepole, kama gari linapoinama kwenye kona au linapofunga breki taratibu, oili hupenya kwenye mianya midogo: kijitundu cha kudumu cha valvu na ule uwazi mwembamba kati ya pistoni na silinda yake. Kwenye mianya hiyo mnato wa oili ndio unaotawala. Oili nzito hupita kwa shida, nyepesi hupita kwa urahisi, na dereva anaisikia tofauti hiyo kwenye usukani. Lakini gurudumu likitumbukia ghafla shimoni, shinikizo huinyanyua valvu kutoka kwenye kiti chake, na hapo anayetawala ni springi ya valvu. Oili inapopita kwa kasi kwenye tundu lililofunguka, kinachoizuia zaidi ni uzani wake kwa ujazo, na uzani huo hautofautiani sana kati ya oili nyepesi na nzito.

Kwa hiyo anayetia oili nzito akitumaini kuikaza shokapu nzima hapati anachokitafuta. Anaikaza kwenye mwendo wa polepole, pale ambapo gari lilihitaji kuwa laini kidogo, na anaiacha karibu vilevile kwenye mashimo. Tena anajiongezea tatizo la pili. Pistoni inapopanda hunyonya oili irudi kupitia valvu ndogo ya kujazia. Oili nzito huchelewa, pistoni ikatangulia, na nyuma yake ukabaki utupu na povu. Pigo linalofuata likija, pistoni inasukuma povu. Kwenye barabara ya changarawe yenye rasta, ambako gurudumu hupigwa mara nyingi ndani ya sekunde moja, shokapu ya namna hiyo haipati nafasi ya kujaa. Dereva atasema shokapu zimekuwa ngumu; ukweli ni kwamba kwa sehemu ya kila pigo hazifanyi kazi kabisa.

Kiwanda chenyewe kilisema nini? Kitabu cha MGB kiliagiza oili ya Armstrong iliyoitwa Super Thin, namba 624. Neno lile la pili maana yake ni nyepesi, na ningependa kila mwenye gari hili alitafakari kabla ya kunyanyua kopo la oili ya injini namba 50. Kitabu kiliongeza kwamba ikikosekana, oili nzuri ya madini ya SAE 20 ingeweza kutumika, kikaonya kwamba mbadala huo haufai kwenye baridi kali. Oili ya 624 haipo tena madukani kwa jina lake la zamani. Kilichobaki mikononi mwetu ni hiyo SAE 20, na ndiyo inayotupa kipimo cha kuanzia.

Kipimo hicho lakini kimezungukwa na vurugu ya namba. Namba ya 20 kwenye oili ya injini si 20 ya oili ya foki, na 90 ya oili ya gia si mara mbili ya 45 ya chochote. SAE, shirika linalopanga namba hizi, ina jedwali moja kwa injini na jingine kwa gia. Oili ya gia namba 90 ina mnato unaokaribiana na oili ya injini namba 40 au 50. Foki za pikipiki ndizo zenye fujo zaidi, kwa sababu 5W, 10W na 15W za kwenye chupa zake hazifungwi na kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. Oili ya 10W ya kampuni moja inaweza kuwa karibu na sentistoki 30 (sentistoki ni kipimo cha mnato) katika nyuzi 40 za Selsiasi, na ya kampuni nyingine ikapita 40. Mtu anabadilisha chapa, anabaki na namba ileile, kisha anashangaa gari limebadilika tabia.

Lugha isiyodanganya ni sentistoki. Kila mtengenezaji makini hutoa karatasi ya vipimo vya oili yake, na humo huandikwa mnato katika nyuzi 40 na katika nyuzi 100. Oili za haidroliki zina urahisi wa ziada: daraja lake la ISO ndilo mnato wenyewe. ISO 32 ina sentistoki 32 katika nyuzi 40, ikiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 10. ISO 46 ina 46. ISO 68 ina 68. Tukiiweka SAE 20 ya kitabu cha MGB kwenye mizani hiyo, inaangukia takribani kati ya 35 na 75, kutegemea nani ameitengeneza. SAE 30 hukaribia 100. SAE 50 huzunguka 200. Mwenye kutia 50 ametia oili yenye mnato mara tatu au nne ya ile iliyofikiriwa na waliozipanga springi za valvu, na akaona amesogea hatua chache tu kwa kuwa namba kwenye makopo zimekaribiana.

Kuna namba nyingine kwenye karatasi hiyohiyo ambayo kwangu ina uzito zaidi kuliko daraja lenyewe: kielezo cha mnato, kile ambacho makampuni hukifupisha VI. Kinaeleza oili inavyostahimili mabadiliko ya joto bila kubadilika sana. Oili ya kawaida ya haidroliki ina VI ya karibu 100. ISO 32 ya aina hiyo, yenye sentistoki 32 katika nyuzi 40, hubaki na kama 5.4 tu ikifika nyuzi 100. Oili nzuri za shokapu na foki huwa na VI ya 150 na kuendelea, kwa hiyo mnato wake hupungua kwa kiasi kidogo zaidi zinapopata moto na haziwi nzito mno asubuhi yenye baridi. Anayeishi Mombasa, ambako usiku wenyewe ni wa joto, hataona tofauti kubwa wakati wa kuondoka nyumbani. Atakayeiona ni yule anayeondoka Limuru alfajiri na kuendesha Naivasha mchana. Gari lake linahitaji oili ileile ifanye kazi ileile saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana.

Tukizipitia zile zinazopatikana, oili ya jeki ndiyo inayopendwa na mafundi wengi kwa sababu ipo kila duka la vipuri na bei yake ni ndogo. Mara nyingi huwa daraja la 22 au 32. Ni safi, ni ya madini, haidhuru sili, na siipingi kwa gari linaloendeshwa polepole Jumapili. Udhaifu wake ni kwamba jeki haipigwi mara kumi kwa sekunde, kwa hiyo oili yake haikutengenezwa kwa kufikiria povu na joto la barabarani. Oili ya haidroliki ya matrekta na foklifti, ikiwa na alama ya AW ya kuzuia kulika kwa chuma, ni bora kuliko ya jeki na mara nyingi huuzwa kwa bei hiyohiyo. ISO 32 au 46 ya aina hii ingenitosha kama sina kingine.

ATF nyekundu inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Zile za Dexron III zina sentistoki thelathini na kitu katika nyuzi 40, VI yake hupita 150, zina dawa ya kuzuia povu, na wekundu wake unakuonyesha mara moja kama shokapu inavuja. Kwa shokapu iliyo nzima kabisa ndani, ATF hufanya kazi nzuri. Kwa iliyochakaa ni nyepesi mno, itapita pembeni mwa pistoni.

Oili ya injini naiweka nyuma. Viambato vyake vya kusafisha masizi havina kazi ndani ya shokapu isiyo na masizi. Zile za namba mbili, kama 20W-50, hupata mnato wake wa moto kwa polima ndefu, nazo hukatwakatwa zikilazimishwa kupita kwenye matundu membamba kwa shinikizo. Unatia 20W-50 leo. Baada ya miezi kadhaa ya kazi umebaki na kitu chepesi zaidi, usijue ni chepesi kiasi gani.

Chaguo langu ni oili ya foki ya pikipiki, iliyochaguliwa kwa sentistoki zake. Imetengenezwa kwa kazi hiihii: pistoni, tundu dogo, mapigo mengi, joto, povu. Kwa MGB yenye shokapu nzima ningetafuta ya kati ya 35 na 60 katika nyuzi 40, ningeanza upande wa chini, na ningepanda hatua moja tu kama gari bado linayumba kwenye kona. Inauzwa ghali kwa lita, lakini shokapu moja hainywi hata nusu lita, na oili hiyo itakaa miaka.

Mafuta ya breki sharti yatajwe peke yake, kwa kuwa hapo hatuzungumzii tena ubora wa mwendo. Ya kawaida yametengenezwa kwa glaikoli: hunyonya maji kutoka hewani, hula rangi ya gari, na hayapatani na mpira wa sili zilizotengenezwa kwa ajili ya oili ya madini. Kinyume chake ni kweli pia, oili ya madini ikiingia kwenye breki huvimbisha mpira wake. Citroën waliupitia mtihani huu kwa ukubwa. DS yao ilibebwa na mfumo mmoja wa haidroliki uliohudumia sasipensheni, usukani na breki, na ilitumia kimiminika chekundu kilichonyonya unyevu na kuozesha chuma kwa ndani. Mwaka 1966 walihamia oili ya madini ya kijani iitwayo LHM, na iliwabidi wabadilishe sili zote kwenye magari mapya. Hadi leo mwenye DS huuliza kwanza gari lake ni jekundu au la kijani. Atakayechanganya rangi hizo mbili atanunua sili za gari zima.

Nako miaka mingi kabla ya MGB, majibu yalikuwa tofauti kabisa. Ford Model A ya kuanzia 1928 ilikuwa na shokapu za Houdaille, ambazo badala ya pistoni zilitumia bapa linalozunguka ndani ya chemba, na kimiminika chake kilikuwa glisirini iliyochanganywa na alkoholi. Shokapu za Houdaille zilifungwa hata kwenye Ferrari 250 za miaka ya 1950. Nayataja haya kwa ajili ya anayedhani pana oili moja ya magari ya zamani: valvu, sili na kimiminika vilibuniwa pamoja, na anayebadilisha kimoja ni lazima aviulize viwili vilivyobaki. Kwenye Datsun 240Z, gari la michezo lililotwaa Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, swali liko pengine. Zile ni shokapu ndefu za ndani ya bomba la sasipensheni, na leo wengi hutumbukiza katriji iliyofungwa kiwandani. Oili kidogo humiminwa kati ya katriji na bomba, na kazi yake ni kupeleka joto nje tu. Hapo mnato haudhuru lolote, ya injini yatosha.

Nirudi kwenye MGB, kwa sababu bado hatujagusa kinachowasukuma watu wengi kutafuta oili nzito. Mara nyingi si kwamba gari limekuwa laini. Ni kwamba shokapu inavuja. Mhimili ule unapotokea nje ya bonge una sili, na baada ya miaka hamsini mhimili umelika, sili imekakamaa, oili inatoka. Fundi anashauri oili nzito ili isitoke haraka. Nimesikia ushauri huo zaidi ya mara moja, na walioutoa ni watu waaminifu wenye nia njema. Lakini oili nzito huchelewesha tu, na wakati inachelewa huficha. Kuvuja ni dalili kwamba mhimili unacheza kwenye bushi zake, na mhimili unaocheza haurekebishiki kwa chupa.

Kupima ni kazi ya nusu saa. Fungua kiungo kinachouunganisha mkono na gurudumu, ukiwa umelitegemeza gari na springi ya mbele imebanwa salama, kisha uusogeze mkono kwa nguvu sawasawa kutoka chini hadi juu. Ukinzani uwe mmoja mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili. Ukikuta sehemu ya mwanzo ni tupu halafu ghafla unakaza, kuna hewa ndani au oili imepungua. Ukikuta ni mlegevu kote hata baada ya kujaza, pistoni au valvu zimekwisha. Ukiushika mkono na ukatikisika kushoto na kulia pale unapoingia kwenye bonge, bushi zimekwisha.

Ukiamua kujaza, safisha kwanza eneo lote la kizibo kwa brashi na mafuta ya taa, ukaushe, ndipo ufungue. Chembe moja ya mchanga ikianguka humo hukaa chini ya valvu na kuizuia kufunga. Jaza hadi chini kidogo ya nyuzi za kizibo, acha hewa kidogo juu kwa ajili ya oili kutanuka ikipata moto. Pampu mkono polepole safari yake yote, mara kumi au zaidi, ukiongeza oili inaposhuka, mpaka ukinzani uwe sawa. Usiukimbize, ukiukimbiza unapiga povu. Kama hujui kilichokuwa humo, kimwage chote, suuza kwa oili nyepesi ya madini, mwaga tena. Kuchanganya oili ya mtu mwingine na yako ni kuendesha gari ambalo hujui lina nini.

Wapo wanaong'oa shokapu za mkono na kufunga za bomba kwa vifaa vya kugeuzia vinavyouzwa kwa ajili ya MGB. Kwa gari la mashindano ninawaelewa. Kwa gari la barabarani naona ni kulitupa jambo zuri kabla ya kulijaribu. Shokapu ya Armstrong iliyofanyiwa ukarabati, bushi mpya, sili mpya na oili sahihi, huiendesha MGB kama ilivyokusudiwa. Tena nyuma kubadilisha ni kazi nyepesi, mbele ni nyingine kabisa.

Mbele, ile mikono miwili ya shokapu si ya kuzuia mtikisiko tu. Ndiyo mkono wa juu wa sasipensheni yenyewe, umeshika kichwa cha kingipini, na gurudumu linasimama wima kwa sababu yake. Kwa hiyo kabla hujanunua chupa yoyote, lipandishe gari lako, anza na shokapu mbili za mbele, uziguse kwa mkono wako mwenyewe. Iliyo na mhimili unaocheza isirudi barabarani, hata kama uliijaza jana.